Barabara ya zamani Arusha–Kondoa–Dodoma–Iringa: ilipita wapi na kwa nini iliachwa?

MtotoWaBonga

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa Babati ila kazi ipo Dodoma, kwahiyo hii njia ya Kondoa naipita mara kwa mara. Saivi unapanda basi asubuhi Babati, saa sita haijafika unakula chakula Dodoma. Sasa kila nikipita naangalia dirishani naona vipande vya barabara ya zamani pembeni ya lami, mara iko kushoto mara kulia, kuna mahali imeshaota miti kabisa, kuna mahali wanakijiji bado wanapitisha ng'ombe na baiskeli, na kalavati za mawe zipo zimekaa vizuri tu.

Nimeambiwa na wazee kwamba hii ndo ilikuwa Great North Road yenyewe, ile ya kutoka Cape hadi Cairo, na wakati wa mkoloni ndo ilikuwa barabara kuu ya jimbo lote la kati. Kama ni kweli ilikuaje ikaachwa vumbi miaka yote hiyo mpaka mtu wa Arusha akitaka kwenda Dodoma anazungukia Chalinze? Na ilikuwa inapita wapi hasa, mwanzo mpaka mwisho? Naomba wenye kujua historia na wale madereva wa zamani mtusaidie.

---

Historia_Bara

Mkuu wazee wako wamesema kweli tupu. Great North Road kwa upande wa Tanganyika iliingia Tunduma ikitokea Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ikaja Mbeya, Iringa, hapo ikakata kaskazini kwenda Dodoma, Kondoa, Babati, Makuyuni, Arusha, halafu Namanga na Nairobi. Kwa hiyo ilikuwa inaunganisha majimbo matatu ya wakati ule: Nyanda za Juu Kusini, Jimbo la Kati (makao yake Dodoma, na Kondoa ikiwa wilaya yake) na Jimbo la Kaskazini (Arusha). Huo ndo uti wa mgongo. Kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki utaikuta na namba A104, namba moja kutoka Tunduma mpaka Namanga na ikavuka kuendelea Kenya.

Wazo la njia ya Cape mpaka Cairo ni la akina Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, wao walitaka reli lakini reli haikukamilika na barabara ndo ikabeba hilo jina. Kuna msafara wa magari ya Crossley chini ya Chaplin Court Treatt uliotoka Cape Town Septemba 1924 ukafika Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita! Hapo ndo ujue "barabara" ya wakati ule maana yake ilikuwa nini, sehemu kubwa ni kichaka kilichofyekwa na mito ambayo gari linavutwa kwa kamba na watu wa vijiji vya karibu, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Lakini usidhani Waingereza ndo waligundua hiyo njia, kabla yao Kondoa Irangi ilikuwa kituo cha misafara ya biashara iliyokuwa inapanda kutoka pwani, Pangani huko, kufuata pembe za ndovu, na ndo maana mpaka leo Kondoa ina Waislamu wengi na Kiswahili chake kina miaka mingi. Mjerumani akaja akaweka boma. Kisha mwaka 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya jenerali van Deventer likatoka Arusha, likapiga Lolkisale mwanzoni mwa Aprili, likapita Ufiome (hapo hapo kwenu Babati mkuu, chini ya mlima Kwaraa), na likaingia Kondoa kabla Aprili haijaisha. Lilikuwa jeshi la farasi, na masika yalikuwa yameanza. Farasi walikufa njiani kwa wingi, mizigo ikakwama nyuma kwenye matope, wanajeshi wakakaa Kondoa na njaa na malaria. Mei usiku wa tarehe 9 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia pale Kondoa akashindwa, na mwishoni mwa Julai Waafrika Kusini wakaingia Dodoma wakashika reli. Kwa hiyo kipande cha Arusha–Kondoa–Dodoma unachokipita na basi kilishawahi kuwa njia ya vita, na kilichowashinda wale watu hakikuwa risasi, kilikuwa ni matope. Tatizo hilo hilo likaendelea karne nzima baadaye.

---

Mzee Leyland

Wanangu nimeona huu uzi nikasema na mimi nichangie kwa kuwa hii njia nimeifanyia kazi, kwanza utingo halafu dereva, miaka ya 70 na 80.

Mwandishi hapo juu kaeleza vizuri ya vita, mimi nieleze ya udongo. Hii barabara ina tabia tofauti kila baada ya kilomita kadhaa na dereva lazima azijue zote. Ukitoka Arusha mpaka Makuyuni huna shida. Makuyuni kwenda Minjingu na Magugu ni bonde, Ziwa Manyara liko kulia kwako, kiangazi ni vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye meno na masika panakuwa kama uji. Babati kwenda Bonga ni kawaida halafu unaanza kupanda Bereko, pale ni mlima na kona lakini udongo wake mzuri, mwekundu wenye mawe, maji yanakimbia. Mimi siku zote nilikuwa naona raha nikishafika Bereko hata kama mvua inanyesha. Unashuka Kolo, unaingia Kondoa.

Sasa kasheshe ni Kondoa kwenda Dodoma. Chemba, Paranga, Kelema, Haneti, Mayamaya. Kule ni tambarare na kuna sehemu udongo ni mweusi, ule wa mfinyanzi, ukilowa gari linakaa kwa tumbo. Na kuna makorongo ya mchanga hayana daraja, wakati wa mkoloni waliweka drifti tu, saruji chini na mawe pembeni, maji yakija unasubiri yapungue. Unaweza kusubiri saa mbili, unaweza kusubiri mpaka kesho. Watu wanapika hapo hapo, akina mama wa kijiji wanaleta uji na viazi kuuza, mtu mwenye mgonjwa kwenye gari ndo anaumia. Cheni, jembe, panga na mbao mbili nene hivyo havikutoka kwenye gari langu.

Zamani kulikuwa na kambi za PWD kila umbali fulani, yaani idara ya ujenzi. Kila kambi ina watu wake na kipande chake, wanachonga mifereji, wanajaza changarawe, greda linapita baada ya mvua. Vibarua wa kijiji wanalipwa. Hiyo ndo ilikuwa inaishikilia barabara ya udongo. Barabara ya udongo haifi kwa sababu ya malori, inakufa kwa sababu ya maji yasiyokuwa na pa kwenda. Kambi zilivyokufa na mafuta ya greda yalivyokosekana mwishoni mwa miaka ya 70 mifereji ikajaa, maji yakahamia katikati ya barabara, basi barabara ikageuka korongo na madereva tukaanza kupita pembeni, na pembeni pakageuka korongo na sisi tukahamia pembeni zaidi. Hivyo vipande unavyoviona mwanangu mara kushoto mara kulia baadhi si barabara rasmi, ni mapito tuliyochonga wenyewe kwa matairi.

Kalavati za mawe hizo ni kazi ya mikono, ziangalie vizuri jinsi mawe yalivyochongwa.

---

MtotoWaBonga

Shikamoo mzee Leyland! Asante sana kwa haya, sasa nimeelewa kwa nini kuna sehemu unaona njia kama tatu sambamba.

Swali langu bado liko palepale lakini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973. Sasa makao makuu ya nchi unayaweka Dodoma alafu barabara ya kutoka kaskazini kuja hapo inabaki vumbi mpaka 2018? Miaka 45?

---

Mhandisi wa Migori

Kwa sababu fedha za barabara zilifuata bandari mkuu, na Dodoma haina bandari. Hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote na watu wengi hawaioni.

Angalia ilivyokwenda. Mwaka 1965 Ian Smith anajitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Zambia inakosa njia ya mafuta na ya shaba kupitia kusini. Ghafla Zambia yote inategemea Dar es Salaam. Malori ya mafuta yakaanza kukimbia Dar–Morogoro–Iringa–Mbeya–Tunduma kwenye barabara ya udongo, ajali nyingi mno, mpaka madereva wa kizungu wakaiita njia ya jehanamu. Ndipo ikajengwa TANZAM, yaani barabara ya Tanzania–Zambia, kwa lami, Wamarekani na Benki ya Dunia wakatoa fedha, na pembeni yake Wachina wakajenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Sasa tazama ramani. Kipande cha Great North Road kutoka Tunduma mpaka Iringa kimo ndani ya TANZAM, kikapata lami. Ila ikifika Iringa, TANZAM inakata kulia kwenda Mikumi na Morogoro na Dar, na Great North Road yetu inayokwenda kushoto Dodoma inabaki peke yake. Pale Iringa ndipo ilipokatwa kichwa.

Upande wa kaskazini hivyohivyo. Arusha na Moshi wakaunganishwa na Dar kwa lami kupitia Korogwe, Segera na Chalinze, kwa sababu kahawa na katani vinakwenda bandarini. Baada ya hapo mtu wa Arusha anayekwenda Iringa au Mbeya hana sababu ya kupita Kondoa, anazunguka Chalinze na Morogoro kwa lami mwanzo mwisho. Arusha–Dodoma kwa Babati ni kama kilomita 420, kwa Chalinze ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na bado watu walizunguka na walikuwa sahihi kwa sababu basi lilikuwa linafika.

Barabara ikikosa malori inakosa wa kuisemea. Wizara inapopanga bajeti inahesabu magari yanayopita kwa siku, kule Kondoa magari machache kwa sababu barabara mbovu, barabara mbovu kwa sababu magari machache. Mimi naona hili ni kosa la namna ya kuhesabu zaidi ya kosa la mtu mmoja. Ungehesabu watu waliobaki nyumbani na mazao yaliyooza shambani ungepata jibu lingine.

Kuhusu kusini ya Dodoma ambako hamjagusa: inashuka Fufu, inafika Mtera inavuka mto Ruaha Mkuu juu ya bwawa lenyewe (umeme wa pale ni megawati 80, ulianza 1988), unafika Migori, unapanda mlima Nyang'oro ndo unaingia Iringa. Nyang'oro zamani ilikuwa inaogopwa kweli, nyembamba, kona kali, upande mmoja ukuta upande mwingine hakuna kitu. Iringa–Dodoma ni kilomita 260 na nayo ilipata lami kipindi kimoja na yenu.

---

Namanga_254

Salamu kutoka upande wa Kenya. Hii mada imenigusa juu hapa kwetu A104 kila mtu anaijua, ni ile ya Namanga–Nairobi–Nakuru–Eldoret–Malaba, watu walikuwa wanaita Waiyaki Way A104 mpaka juzi juzi serikali ilipobadilisha namba. Wengi hawajui hiyo namba ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima na ilishuka mpaka Tunduma.

Niongeze sababu moja ambayo ndugu mhandisi hajasema. Siasa. Miaka ya 70 malori ya Kenya yalikuwa yanabeba mizigo kwenda Zambia kupitia Tanzania, na Tanzania ikalalamika kwamba hayo matrela mazito yanaharibu barabara zake na hayalipi inavyostahili, na mwishowe ikayazuia. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Fikiria hiyo, barabara ya kutoka Cape mpaka Cairo imefungwa geti pale Namanga miaka sita. Baba zetu wenye biashara Namanga walihama. Sasa hata kama Tanzania ingekuwa na pesa, ingeweka lami Babati na Kondoa ili nani apite? Soko la hiyo njia lilikuwa Nairobi.

Na kwa upande wetu tusijifanye, kutoka Isiolo kwenda Marsabit na Moyale ambayo ndo mwendelezo wa njia hiyo kuelekea Ethiopia, watu wa kule wamekula vumbi na kuibiwa na majambazi barabarani mpaka lami ilipokamilika miaka hii ya karibuni. Ukitazama hii njia nzima, sehemu zilizochelewa ni zile ambazo haziendi baharini.

---

Binti Irangi

Jamani mimi ni wa Kondoa kabisa, naomba niseme upande wa sisi tulioishi pembeni yake maana naona mnazungumza habari za malori na mabenki.

Kondoa wakati wa mkoloni haikuwa mahali pa pembeni. Vita vya pili vya dunia, wakimbizi wa Kipolandi walioletwa Tanganyika waliwekwa kambi Tengeru karibu na Arusha, Kondoa, Ifunda huko Iringa, na kwingine. Angalieni hizo tatu, zote zimefuata barabara hiyohiyo au zipo karibu yake. Serikali ilikuwa inaweka watu mahali gari linapofika. Na msafara wa magari ya jeshi kutoka Afrika Kusini kwenda kupigana Ethiopia ulipanda na njia hii mwaka 1940. Mji ulikuwa na maduka, Wahindi na Waarabu, magari yanalala.

Halafu barabara ikafa na Kondoa ikawa mahali ambapo mwalimu akipangiwa kazi analia. Wakati huo huo ardhi yetu ilikuwa imeliwa na makorongo, ikaja HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe na mbuzi wote. Watu walihamisha mifugo kwenda nyanda za chini kwa miguu, wengine hawakurudi. Nasema hili kwa sababu miti na majani mnayoyaona leo mkipita kati ya Kondoa na Bereko mkasema "pazuri hapa" yana gharama yake, na waliolipa ni wazee wetu ambao hata hiyo barabara ya kupeleka mazao sokoni hawakuwa nayo. Ulezi na alizeti na asali ya Kondoa vilikuwa vinanunuliwa na mwenye lori kwa bei anayotaka yeye, kwa sababu anajua hakuna lori lingine litakalokuja wiki hiyo.

Na mambo ya utalii hivyohivyo. Michoro ya miambani ya Kolo, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na aliweza kufika kwa sababu Kolo iko barabarani kabisa. UNESCO wameitambua kama urithi wa dunia 2006, lakini mgeni wa kufika alikuwa wa kuhesabu, kwa sababu kutoka Arusha ni siku nzima ya kutikisika. Mongomi wa Kolo, moja ya sehemu hizo za michoro, watu wanaenda kufanya matambiko ya mvua mpaka leo. Saivi kutoka Arusha unatoka asubuhi unaona michoro unarudi Babati kulala. Naomba mkipita msipite tu, ofisi ya mambo ya kale iko Kolo hapo barabarani, ingieni mchukue kibali na mwongozaji.

---

MtotoWaBonga

Dada asante, hii ya HADO nilikuwa naisikia juu juu tu. Na ya kambi za Wapolandi kufuata barabara sikuwahi kuiwaza.

Kwahiyo lami ilivyokuja ilifuata njia ileile au walichora upya? Maana bado natamani siku moja niitembee ya zamani kwa baiskeli hata kipande tu.

---

Mhandisi wa Migori

Imefuata mkondo uleule kwa sehemu kubwa, wamenyoosha kona na kuinua tuta mahali maji yanapokaa. Iligawanywa vipande: Dodoma–Mayamaya kilomita 43 na kidogo, Mayamaya–Mela 99, Mela–Bonga karibu 89, Bonga–Babati 19. Jumla 251. Fedha nyingi zilikuwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Wajapani kupitia JICA, na rais Magufuli akaifungua pale Bicha Kondoa tarehe 27 Aprili 2018, rais wa benki hiyo Akinwumi Adesina alikuwepo. Na hoja iliyotumika kupata mkopo ni ileile ya zamani: kwamba ni sehemu ya barabara kuu ya Afrika namba 4, Cairo mpaka Cape Town. Minjingu–Babati ilikuwa imetangulia miaka kadhaa kabla.

Ukitaka kuitembea ya zamani, kumbuka kunyoosha kona maana yake wameziacha kona za zamani. Kila mahali ambapo lami imenyooka sana kupita kilima na unaona miti mikubwa imejipanga mstari pembeni, ile ya zamani ipo humo. Sehemu ya Bonga kupanda Bereko ndo nzuri zaidi kwa baiskeli, udongo mgumu kama mzee alivyosema.

---

Mzee Leyland

Marahaba mwanangu. Hapo Bereko mhandisi kasema kweli. Ila usiende masika, na usiende peke yako, na kwenye kila kijiji piga hodi kwa mwenyekiti umwambie unafuata barabara ya zamani, watakupa kijana wa kukuonyesha kwa sababu kuna mahali imelimwa mahindi na mwenye shamba ana haki ya kujua unatafuta nini. Kuanzia Haneti kuja Dodoma usihangaike, kule tulishaichana yote na matairi haijabaki ya kufuata. Na beba maji mengi.

---

Namanga_254

Ukipanga hiyo safari ya baiskeli weka tarehe hapa, niko tayari kushuka mpaka Babati, sahizi kutoka Namanga ni lami yote.